Vyumba Vinne Kwenye Udongo Mweusi

Nilianza kuwaza nyumba ya kupangisha siku tuliyomsaidia mwenzetu kuhama. Alikuwa mkunga kama mimi, na ndiye aliyenishika mkono nilipoletwa Ifakara nikiwa na miaka ishirini na minne na cheti kipya. Sasa alikuwa amestaafu, na nyumba ya watumishi aliyokaa miaka yote ile ilikuwa inasubiriwa na daktari mgeni. Tukapakia kitanda chake, kabati, masufuria na kuku watatu waliofungwa miguu kwenye guta la kukodi, tukalifuata kwa miguu mpaka kwenye chumba alichopanga nyuma ya soko. Kitanda hakikupita mlangoni. Tukakifungua vipande vipande, yeye ameketi juu ya ndoo anatuelekeza nati zilipo.

"Msinionee huruma," alisema. "Kila mwaka nilikuwa nasema mwakani nitajenga. Zamu zikanimaliza."

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mume tuliachana zamani, binti yetu alikuwa chuoni Morogoro, na nyumba niliyokaa haikuwa yangu hata msumari wa kutundikia taulo. Kazi ya wodi ya wazazi wanaijua wanaoifanya. Unaingia asubuhi ukiwa umepanga kutoka saa nane, unatoka jua linazama, miguu imevimba, na kwenye njia ya nyumbani watu wanakusalimu huwajibu kwa sababu huwasikii. Siku ya mapumziko unafua, unalala, imekwisha. Nilipokuwa nikitoka kwenye chumba kile cha nyuma ya soko nilijiona mimi ndiye nimeketi juu ya ile ndoo.

Haukupita mwezi, akaja bwana mmoja wa benki kuzungumza na watumishi kwenye ukumbi wa hospitali. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na alizungumza taratibu kama mtu asiye na haraka ya kuuza chochote. Alisema mtumishi ana kitu ambacho mwenye duka hana, nacho ni mshahara unaoingia kila mwezi. Mwenzangu mmoja akamwambia kwamba sisi watu wa zamu hatuna muda wa kusimamia biashara, ukimwachia mtu duka anakula mtaji na kaunta yake.

"Ndiyo maana mimi nawaambia nyumba," alijibu. "Vyumba viwili, vitatu, vya kupangisha. Nyumba haiombi ruhusa, haiumwi, haiibi. Ukishaijenga unaiacha pale, inakufanyia kazi wewe ukiwa kazini."

Maneno yale yalinikaa. Nilijaza fomu za mkopo wiki ileile, kwenye meza ya chai, kati ya mzazi mmoja na mwingine. Nililiacha pengo mahali pa jina la mdhamini, nikakimbia kumpokea mtoto, nikarudi nikalijaza.

Kiwanja nilioneshwa na dalali mwezi wa tisa. Nilitoka zamu ya usiku asubuhi ile, nikalala kwa saa mbili tu, nikaamshwa na simu yake. Tulikwenda kwa pikipiki mpaka ukingoni mwa mji, upande nyumba zinakoanza kuwa chache na mashamba ya mpunga kushika nafasi. Kulikuwa kukavu kabisa. Udongo mweusi umepasuka nyufa za kuingiza mguu, vumbi linapepea, ng'ombe wa wafugaji wanapita kwa mbali kuelekea mtoni. Bei ilikuwa chini kuliko nilivyotarajia, nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu mji haujafika hapa," dalali akasema. "Ukifika, hutakigusa."

"Na maji?"

"Masika maji yako kila mahali, dada. Hata hospitalini kwenu yapo."

Kwa hiyo siwezi kusema sikuuliza. Niliuliza, nikapewa jibu ambalo mtu aliyelala kwa saa mbili tu angelipokea, nikalipokea.

Mama yangu alikuja wiki iliyofuata kutoka upande wa Malinyi, kutibiwa macho. Ni Mndamba wa bondeni, amezaliwa kwenye mpunga na samaki, na nilitaka afurahi. Nikampeleka akakione. Alisimama kwenye kiwanja changu kipya, kanga ameishika chini ya kidevu, akatazama huku na huku kwa yale macho yake yenye ukungu.

"Aliyekuuzia anakaa wapi?" akauliza.

"Kule juu, karibu na stesheni ya reli."

"Kiwanja kizuri hivi, mbona yeye hakujenga?"

Nilimwambia ni mzee, watoto wake wako mbali, ana mahitaji. Njiani aliniuliza habari za mjukuu wake. Nilikwisha kulipa, na yeye alilijua hilo, na mama yangu si mtu wa kumwambia mwenzake ateme alichokwisha kumeza.

Mdogo wangu wa kiume alikubali kunisimamia ujenzi. Alikaa kwangu mpaka mvua za kwanza zilipogusa, kisha akarudi shambani, maana mpunga haumsubiri mtu. Nikabaki na fundi. Fundi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu asiyesimamiwa. Alinizoesha kutumiwa picha kwenye simu. Nikitoka kunawa mikono, nafungua kabati langu, naitazama: tofali za kuchoma zimepangwa, kamba imevutwa, vijana wawili wameegemea koleo. Naandika "Sawa, endelea," nafunga kabati.

Msingi wote niliuona hivyo. Picha inakuonesha mstari umenyooka, haikuoneshi umechimbwa kina gani. Nilijua siku za baadaye kwamba tofali zilizoingia ardhini zilikuwa safu tatu badala ya tano tulizokubaliana, na kwamba siku aliponiuliza kwa simu kama tupunguze kwa sababu ardhi ni ngumu, mimi mwenyewe nilimjibu, "Fanya unavyoona." Simu yenyewe naikumbuka. Nilikuwa nimeibana kwa bega, mikono ina glavu, na mama mmoja ananishika aproni.

Ilipofika Desemba vyumba viwili vilikuwa na bati, milango na sakafu ya saruji. Viwili vingine vilikuwa kuta tupu. Nilikwenda jioni moja nikiwa bado na sare nyeupe chini ya kanga, nikafungua kufuli la chumba cha kwanza, nikasimama ndani. Palinukia saruji mbichi. Nilitembea kutoka ukuta hadi ukuta nikihesabu hatua, kisha nikafunga, nikafungua tena. Sijui kwa nini nilifungua mara ya pili. Nadhani nilitaka tu kuusikia ule ufunguo ukizunguka. Furaha niliyoipata kwenye vyumba vile ni hiyo, na iliisha nilipofika barabarani.

Chumba cha kwanza kilichukuliwa na mume na mke vijana. Mwanamume alikuwa Msukuma, wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe yeye akiwa mtoto, lakini mwenyewe alikataa ng'ombe akaja kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mke alikuwa Mpogoro wa Lupiro, ng'ambo ya mto, binti wa miaka ishirini hivi, mpole, anakaanga vitumbua asubuhi na kuviuza kwa watu wa mashine. Walilipa miezi sita kwa mkupuo. Fedha ile ilikwenda yote kwenye bati za vyumba viwili vilivyobaki. Chumba cha pili waliingia vijana wawili wauza mitumba.

Yule binti alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilimkuta kliniki mwezi uleule, kwenye benchi la wajawazito, na aliponiona na sare akaziba mdomo kwa kiganja akacheka.

"Shikamoo mama. Kumbe mwenye nyumba wetu ndiye atakayenipokea?"

"Marahaba. Nikiwa zamu, ni mimi."

"Basi nitachagua siku uliyopo."

Nilimpima tumbo. Mtoto alikuwa anacheza vizuri. Nilimwandikia mwezi wa nne kwenye kadi, nikamwambia apunguze kuinama kwenye moto. Aliniletea vitumbua mara mbili baada ya hapo, kwenye karatasi, akaviacha kwa mlinzi wa getini.

Maji hayakuja kama nilivyodhani yangekuja. Nilidhani mafuriko ni kitu cha kuona kwa mbali, kinatoka mtoni na kelele. Yale yalitoka chini. Mwezi wa tatu ulipoanza, sakafu ya chumba cha kwanza ililowa kama mtu anayetokwa jasho, na baada ya siku chache likawa dimbwi. Mume wa yule binti alikuja hospitalini kunieleza. Walimzuia getini kwa sababu hazikuwa saa za kuona wagonjwa, nikatoka kumfuata.

"Mama, tumepandisha kitanda juu ya tofali," alisema. "Choo nacho kimejaa. Maji ya choo na maji ya uani yamekuwa kitu kimoja."

"Nitaleta kifusi."

"Lini, mama?"

"Wiki hii."

Na kweli nilitafuta kifusi. Mwenye lori alikwenda kutazama njia akarudi akaniambia gari lake halizami kwa ajili yangu. Fundi naye hakupokea simu. Nilikwenda mwenyewe siku ya mapumziko, nikavua viatu barabarani, nikapita kwenye maji ya kahawia yanayofika magotini. Yule binti alikuwa ameketi kitandani, miguu ameikunja, jiko la mkaa ameliweka juu ya kiti. Chini ya dirisha plasta ilikuwa imeanza kuvimba. Niliibonyeza kwa kidole, kidole kikaingia.

"Pole," nilimwambia.

"Tumeshapoa, mama. Mbu tu."

Nilimwambia akianza uchungu anipigie simu mara moja, nitatuma bajaji impokee barabarani. Nilisema kwa sauti ileile ninayowaambia wazazi wodini, sauti ya kumfanya mtu aamini kwamba yuko mtu anayeshughulika. Ninaijua vizuri sauti hiyo, nimeitumia miaka mingi.

Wauza mitumba waliondoka bila kuaga. Kisha, mwishoni mwa mwezi, mume na mke walikuja wote wawili mpaka kwenye kibaraza cha wodi. Mke alikuwa amevaa viatu vya mpira vya mumewe. Ilikuwa asubuhi, kuna wazazi watatu ndani, na mwenzangu wa zamu alikuwa amefiwa, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na mwanafunzi.

"Mama, tumepata chumba kwa mzee mmoja mjini, juu," mume alisema. "Anataka tutangulize miezi miwili. Sisi kwako tumebakiza miwili. Tulikuwa tunaomba utusaidie hiyo, tuhame kabla hajajifungua."

"Hela yako imepanda kwenye bati," nilimwambia. "Hata ukinipekua, sina."

"Hata ya mwezi mmoja, mama. Nyingine tutakopa."

Haikuwa kweli kabisa kwamba sina. Mshahara ulikuwa umeingia siku mbili nyuma, benki wamekwisha kukata chao, na kilichobaki nilikuwa nimekitengea ada ya chuo. Ningeweza kumpigia binti yangu simu nikamwomba asubiri. Ningeweza kukopa kwa wenzangu, tunakopeshana kila mwezi. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikwisha kuvionea uchungu vyumba vile kuliko watu waliokuwamo. Nilifikiri, nikianza kurudisha kodi, nimeshindwa. Nilifikiri pia kwamba maji yatapungua wiki ijayo. Yule mwanafunzi akaniita kutoka ndani.

"Nikipata mpangaji mwingine nitawarudishia," nikasema.

Mume alitazama viatu vya mkewe. "Sawa, mama."

Mke alinipa kadi yake ya kliniki, akadhani labda ndiyo ninayoitaka. Nikamrudishia, nikaingia ndani.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya mwezi wa nne. Nilikuwa zamu ya asubuhi. Kwetu simu hukaa kwenye kabati, na ni utaratibu mzuri, mimi mwenyewe nimewagombeza vijana kwa kuuvunja. Toka saa moja sikukaa chini. Mzazi mmoja alipoteza damu nyingi, nikahangaika naye mpaka akatulia. Saa saba na nusu nilikwenda kwenye kabati kuchukua kanga ya kujifuta jasho, nikaitazama simu. Mume alikuwa amepiga mara kumi na moja.

Nilikuwa bado nimeishika walipoingia. Alikuwa amembeba mkewe mgongoni, nguo zimelowa mpaka kifuani. Watu wa bodaboda walikataa kuingia kwenye maji, na bajaji hakuna aliyeituma, kwa hiyo alimbeba kutoka chumbani mpaka barabarani, kisha wakapakizwa na mtu wa pikipiki aliyewahurumia. Chupa ilikuwa imepasuka tangu asubuhi, akiwa bado kitandani, maji yamezunguka nyumba.

Tulimlaza. Nilipomfunua niliona kitovu kimetangulia, kimetoka nje mbele ya mtoto. Nilikigusa. Kilikuwa cha baridi, na hakikuwa kinapiga. Nikaweka kile chombo chetu cha kusikilizia tumboni mwake, nikainamisha sikio, nikahama kulia, nikahama kushoto. Wodi nzima ilikuwa na kelele na mimi nilikuwa nasikiliza mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Yuko sawa?" yule binti akauliza.

"Tumtoe kwanza."

"Mama, yuko sawa?"

"Sukuma, mwanangu. Tumtoe kwanza."

Alizaliwa kabla ya saa tisa. Wa kiume, ametimia, ana nywele nyingi. Nilijaribu yote tunayojaribu, na nilijua tangu mwanzo kwamba nilifanya kwa ajili ya mama yake kuona nafanya. Nikamfunga kwenye kitenge walichokuja nacho, kipya, bado kina kibandiko cha dukani. Yule binti alimpokea, akamtazama usoni kwa muda, akamrekebisha kitenge kichwani. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mchukue, mama. Nikikaa naye nitamzoea."

Mume nilimkuta nje, ameegemea nguzo, maji yanamdondoka kwenye sakafu. Nilimwambia. Alijifuta uso kwa mkono uliolowa.

"Ungepokea simu ingekuwa hivi?"

"Sijui," nilimjibu.

Nilijibu kama mkunga, na ni kweli. Kitovu kikitangulia mtu akiwa mbali, wanaowahi ni wachache. Ningepokea simu ya kwanza nikatuma bajaji, bado wangekuwa na kile kipande cha maji cha kuvuka. Lakini hakuwa ananiuliza habari za simu, na mimi nilielewa, naye aliona kwamba nimeelewa. Akaenda kukaa na mkewe.

Siku ya pili nilikopa, nikampa fedha ya miezi yao miwili, na ya mazishi juu yake. Aliichukua, akaitia mfukoni pasipo kuitazama. Alisema, "Asante, mama." Ningependelea anitukane. Walihamia ng'ambo, kwa wazazi wa mke, na ufunguo wa chumba aliuacha kwa mlinzi wa getini, mahali palepale palipokuwa panaachwa vitumbua.

Ukuta wa chumba cha tatu ulianguka mwezi huohuo, mchana, hakuna mtu ndani. Jirani alinipigia, na safari hiyo nilipokea kwa sababu nilikuwa nyumbani. Sikwenda kutazama mpaka maji yalipoondoka. Hapakuwa na cha kuwahi.

Kiangazi kiliporudi, udongo ukapasuka tena, na mtu asiyejua angesema ni kiwanja kizuri chenye nyumba iliyochakaa kidogo. Dalali yule aliyenionesha kiwanja alinitafuta.

"Ninaye mteja," alisema. "Mwalimu, amehamishiwa huku kutoka mbali. Hana muda wa kuzunguka, anafundisha mpaka jioni. Paka chokaa chini hapo mstari wa maji usionekane, tunauza wiki hii."

Nilikutana na mwalimu mbele ya vyumba. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, begi begani, vumbi la chaki kwenye mfuko wa suruali. Alipita akigonga kuta kwa kifundo cha kidole kama watu wanavyogonga wasipojua wanachokitafuta. Aliniambia angeanza na viwili, taratibu, akimalizia vingine kwa kodi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia maji yanafika wapi, nikamwonesha kwenye ukuta, chini ya chokaa ya jana.

Alinishukuru mara mbili. Dalali hakunisemesha tena mpaka leo. Na mimi nilirudi nyumbani nikitegemea kujisikia nafuu, nisijisikie. Kumwambia mwalimu hakukunigharimu kitu ambacho sikuwa nimekwisha kukipoteza. Siku ambayo kingenigharimu kidogo tu, ile asubuhi kwenye kibaraza, nilikuwa na haraka.

Tulishusha bati, mimi na mdogo wangu. Zilikuwa zimepata kutu kwenye misumari, tukaziuza kwa mfugaji mmoja aliyetaka kuezekea banda. Mdogo wangu alisema labda tungejaza kifusi chote upya, tuinue msingi, tuanze vizuri. Alisema kwa wema. Nilimwomba tusilizungumze. Makato ya benki yanaendelea, yatakaribia kunifikisha kwenye kustaafu. Wenzangu wachanga wakiniuliza habari za kuanza kujenga, nawaambia waende wakaone kiwanja masika, miguu mitupu, na wanacheka kwa sababu masika hakuna anayepata ruhusa, ndiyo miezi malaria inajaza wodi zote na likizo zinafutwa. Nami nacheka. Wengine wamekwisha kununua.

Mwaka uliofuata, siku moja ya kiangazi, niliingia zamu nikakuta jina nililolijua kwenye kadi ya juu. Alikuwa kitanda cha pembeni, amenenepa kidogo usoni, uchungu umekolea. Mumewe alikuwa nje. Nilivaa glavu, nikamwendea.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Umefika saa ngapi?"

"Jana. Tulikuja mapema, tukakaa tu hapo nje."

Niliweka mkono kwenye tumbo. Aliuweka wake juu ya wangu, akausogeza pembeni polepole, kama mtu anayetoa mkono wa mtoto kwenye chakula.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema. "Naomba anihudumie mwingine."

"Hakuna shida."

"Si kwa ubaya."

"Najua. Pumua."

Nikamwita mwenzangu, binti wa mwaka wa kwanza kazini, tukabadilishana vitanda. Nilimhudumia mzazi mwingine, aliyekuja kuzaa mtoto wa tano, mzoefu, aliyehitaji tu mtu wa kumsikiliza akilalamika. Kati yetu kulikuwa na pazia la kijani. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia mwenzangu akikosea kidogo maelezo, akajirekebisha. Kama saa tano hivi mtoto akalia upande ule, kilio kikavu, chenye hasira, akaendelea kulia. Mzazi wangu akasema, "Huyo ana nguvu." Nikasema ndiyo.

Kesho yake nilikutana nao getini wakitoka. Mtoto alikuwa amefunikwa, sikuomba kumwona. Mume alishika begi na kadi, akanisalimia kwa heshima zote, nami nikawapa hongera.

"Siku hizi mnakaa ng'ambo bado?" niliuliza.

"Hapana, mama. Tumerudi mjini. Tulikipata kile chumba cha yule mzee."

"Kule juu?"

"Kule juu. Pakavu."

"Vizuri," nikawaambia, nikaingia kazini.